Jina Nililoliruka

Mjukuu wangu Riziki,

Huku Kisangani tuko wazima. Tonton, mjomba wako, amerudi kutoka Yanonge na samaki. Unaniuliza umtaje nani kwenye mahojiano ya kazi ya uuguzi, wakitaka kujua aliyekufundisha.

Nilipoomba kazi ya ukunga, niliulizwa hivyohivyo. Mwalimu wangu alikuwa Mama Anifa, mkunga asiye na cheti, aliyepasha mikono yake moto kwenye makaa kabla ya kugusa tumbo la mama mjamzito. Niliona haya, nikamtaja daktari mmoja. Nikapata kazi.

"Alors, ulisema nani?" Mama Anifa aliniuliza.

"Docteur."

"Ulifanya muzuri, mutoto yangu. Miye sina diplome." Akacheka, akanifunga aproni yangu mpya.

Wewe mtaje wako, Riziki. Mimi hadi leo natamani angenigombeza.

Koko wako