Koo la Kuazima

Hollywood, 3 Februari 1947

Kwa dada yangu Nonie,

Shikamoo, dada. Mimi mzima, ila koo linanisumbua. Baba anaendeleaje na kifua chake? New York baridi imepungua?

Nimepata nafasi. Ni filamu ya nyimbo, ya New York ya zamani. Mimi ni binti aliyeshuka melini juzi kutoka Ireland, nampenda mwandishi wa gazeti anayemfichua mkubwa wa jiji, fisadi anayenunua kura za wageni kwa magunia ya makaa.

Shida ni wimbo wa mwisho. Huku wimbo hurekodiwa kwanza kwenye santuri, halafu mbele ya kamera unachezesha mdomo tu. Ile sehemu ya juu imenishinda mara kumi na moja. Nikawaambia wenye filamu ninaye dada. Njoo wiki moja uniimbie, nauli wanatoa wao. Jina lako halitaandikwa, ndiyo desturi yao. Uje na shali ya kahawia ya marehemu Mama. Waliyonipa ni ya kijani kama kasuku.

Mdogo wako,
Delia


New York, 14 Februari 1947

Kwa Delia,

Salamu zimefika. Baba anakohoa lakini anakula. Mimi hukuniuliza, ila ni mzima.

Una uso mkavu, mdogo wangu. Umesahau yule bwana wa studio alivyokuja ukumbi wa kanisa? Alikuja kumsikia Binti Tarpey aliyesifiwa na padri. Huyo ni mimi, Honora. Nilikuwa nyumbani namkanda Mama miguu, na alipouliza Binti Tarpey ni yupi, ukasimama wewe. Miaka saba nakuonea wivu, nasema waziwazi. Hata nikisikia una mafua nafurahi. Sasa unataka na koo langu.

Nilimsomea Baba barua nikidhani atakukasirikia. Akaikasirikia filamu. "Fisadi? Nani kama si mkubwa kama huyo alinipa kazi ya kufagia jiji nilipokuwa sina hata viatu?" Kisha akasema niende. "Mdogo wangu Mattie alikufa mwaka 1919, na kila uchaguzi napiga kura yake kwa jina lake. Umewahi kumsikia akilalamika? Ndugu akiazima kitu chako hajakuibia."

Basi nakuja. Sharti langu ni moja: filamu ikitoka, uje ukumbini kwetu uwaambie watu wa parokia aliyeimba ni nani. Hapa kwetu tu. Hao wengine kaa nao.

Dada yako,
Nonie


Hollywood, 20 Novemba 1947

Dada Nonie,

Hujambo? Baba je? Najua tuliachana vibaya. Kituoni sikuja kukuaga, na tangu Aprili sijaandika.

Ngoja nikwambie kwa nini. Ulipomaliza kuimba, wapiga fidla wote waligonga pinde zao kwenye vibao vya nota. Ndivyo wanavyompigia mtu makofi. Mimi nimerekodi nao nyimbo sita, hawajagonga hata mara moja. Nilisimama pale na shali ya Mama mabegani, nikatamani ukohoe.

Filamu imetoka, watu wananisimamisha njiani. Kila karamu naombwa niimbe kidogo, nasema nina mafua. Kwa hiyo furahi. Wivu si wako peke yako.

Sikukuu ya Mtakatifu Patriki, mwezi Machi, nitakuja ukumbini. Nimeahidi.

Mdogo wako,
Delia


New York, 19 Machi 1948

Kwa Delia,

Baba anakusalimu. Sisi wazima. Juzi kwenye sikukuu kiti chako tulikiweka mbele kabisa, mpaka mwisho kilikuwa na kofia ya Baba tu.

Filamu tuliiona wiki iliyopita. Yule mkubwa wa jiji alipogawa makaa, watu wote walimpigia makofi. Alipokamatwa, wazee walizomea, Baba akasimama kabisa. Mwandishi wako wa gazeti walimwita mbea. Lakini wimbo ulipoanza walilia. Nilikaa gizani nikisikiliza sauti yangu, na majirani zangu wakikulilia wewe.

Juzi ukumbini padri aliniomba niimbe. Nikaimba wimbo huohuo. Jirani yetu Bi Geraghty akanishika mkono kwa huruma. "Umejitahidi, mwanangu. Ila sauti ya mdogo wako huna." Nikamwambia ile ni yangu. Akatazamana na mwenzake. "Wivu ni ugonjwa, Nonie."

Andika hata mistari miwili, padri aisome kanisani. Sitaki kingine kutoka kwako.

Dada yako,
Nonie


New York, 1 Novemba 1948

Kwa Delia,

Baba hajambo, nami sijambo. Naona kwenye gazeti kuwa wewe pia hujambo, umepewa filamu nne nyingine za kuimba. Hongera.

Kifurushi chako kilifika Ijumaa. Shali ya Mama imefuliwa, imekunjwa vizuri. Niliikung'uta mara mbili nikitafuta barua, nikapapasa hadi kwenye pindo. Leo nimeivaa kanisani. Bi Geraghty ameuliza kama ndiyo ile ya kwenye filamu, akaomba aishike kidogo.

Kesho ni siku ya kuwaombea marehemu, na mwaka huu ndiyo siku ya uchaguzi. Baba amepiga pasi suti mbili, moja ya kupigia kura yake na moja ya kupigia ya Mattie. Ya Mattie nimeificha chini ya godoro langu. Kesho nitamwombea kwa jina lake, na hatapiga kura popote. Baba atanifokea, najua.

Dada yako,
Honora Tarpey