Kigae cha Nne Kutoka Mlangoni

Tarehe 3. Leo natimiza miaka miwili na miezi minne tangu niondoke nyumbani.

Dada mshauri wa gazeti, nisaidie, mimi ni fundi wa vigae, shule niliishia la tano kwa hiyo mwandiko utauvumilia. Tunamalizia jengo la ofisi za wilaya, na mjomba, aliyenileta huku na kunifundisha kazi, akaniomba niache uwazi wa ukubwa wa mkate nyuma ya kigae cha nne kutoka mlangoni, nikamuuliza wa nini, akasema wenzake wataweka bomu, maana siku ya uzinduzi atasimama hapo yule mkubwa aliyeamuru waandamanaji wapigwe risasi, na kweli mtoto wa mjomba alikufa siku ile, nilimwosha mwenyewe. Nikasema mjomba, hapo ndipo mama wa chai anapoweka meza yake, akanijibu, "Wewe ni fundi wa vigae au wa roho za watu? Acha uwazi, kinachoingia hakikuhusu." Nikauacha. Juzi msimamizi akapita akigonga vigae kwa mpini wa nyundo, hicho kikalia kitupu, akauliza, "Fundi, hiki vipi?" nikasema saruji haijakauka, na mama wa chai akacheka, "Mwache Baba Vumbi," ndivyo anavyoniita, "hata kikombe chake hulia kitupu." Tangu hapo chai naenda kunywa ng'ambo ya barabara. Mjomba siwezi kumkatalia, na mimi bomu sijalishika. Je, nina dhambi? Uzinduzi ni tarehe 10. Nyumbani natarajia kurudi tarehe 9, tikiti nimeshakata.

Jibu

Fundi, jibu hili umeletewa kwa mkono. Gazetini litatoka mambo yakishatulia.

Pole kwa msiba. Aliyeamuru risasi ni muuaji, na mjomba wako ana haki ya kudai ashtakiwe mpaka sauti imkauke. Lakini mama wa chai hajawahi kuamuru kitu ila watu wapange foleni. Mjomba amezika mtoto. Sasa anataka na wengine wazike wa kwao.

Unasema bomu hukulishika. Msimamizi alidanganywa na nani? Na swali la dhambi usiniulize mimi, tikiti yako imeshajibu. Asiye na lake hakimbii siku moja kabla ya sherehe.

Leo hii, kabla wenzake mjomba hawajaujaza ule uwazi, mwambie msimamizi kigae kinalia kitupu kwa sababu ni kitupu. King'oe mbele yake, ziba, kisha mwende wote wawili polisi, maana wakikosa ukuta wako watatafuta wa mwenzako. Mjomba atakulaani. Atakulaani mkiwa hai wote. Laana ya hivyo huzungumzika.

Tikiti ibadilishe. Tarehe 10 uwe kwenye foleni ya chai. Nyumbani utarudi tarehe 11.