Injini Iliyozunguka Kinyume

Jumatatu, 4 Julai
Uji wa mtama, sufuria mbili. Rhobi amenyonya vizuri. Jino la pili linachungulia.

Wanaume wameshuka duarani, shimo lao la dhahabu, saa moja na nusu, mume wangu Marwa wa kwanza kama kawaida. Shemeji Chacha, kaka yake, ndiye wa injini. Amezungusha hendeli mara tatu ndipo ikashika. Asubuhi za baridi hapa Nyakunguru injini haitaki kuamka. Inavuta mkanda, mkanda unazungusha feni, feni inasukuma hewa kwenye mfuko mrefu wa nailoni mpaka chini walipo. Mfuko ukijaa unanenepa kama utumbo wa ng'ombe. Huwa nautazama. Ukiwa mnene najua Marwa anapumua.

Nimefua nepi sita.

Jumanne, 5 Julai
Siku mbaya. Hendeli imempiga shemeji. Aliizungusha, ikafika katikati ikagoma, ikarudi kwa nguvu. Ikachomoka, ikaruka mpaka karibu na mafiga yangu. Lakini injini ikawaka. Shemeji akashika mkono, akacheka: "Imenisalimia hiyo."

Wakashuka. Saa moja haikuisha, wakapanda tena mmoja mmoja. Vichwa vinagonga. Wawili wametapika. Marwa macho mekundu, anasema chini kuna moshi. Shemeji akabisha, moshi utoke wapi wakati bomba la eksozi linatazama bondeni? Akaizima. Mchana akaiwasha upya, haikuwa na neno.

Nepi zangu nilizoanika upande wa feni zimejaa masizi. Zile za upande wa bomba ni safi. Nimefua upya. Nimekasirika, na sabuni imekwisha.

Alhamisi, 7 Julai
Maneno. Mzee Nyamhanga, mwenye duara, amesema hewa imeharibika kwa sababu mwanamke anakaa karibu na shimo. Dhahabu nayo itakimbia. Nimeambiwa nihamishe jiko mpaka kule kwenye mawe.

Nilimwambia shemeji habari ya nepi. Kwamba masizi yalitokea upande usio wake.

"Mama Rhobi, wewe jua uji. Injini niachie mimi."

Wenzake wakacheka. Marwa alikuwepo, akaendelea kunywa uji wake. Hilo ndilo limeniuma. Sikumpa uji wa pili.

Nimehama. Huku nilipo mfuko nauona kwa mbali, na bomba la eksozi na kopo lake. Shemeji alilifunika kwa kopo la maziwa, amelifunga kwa waya upande mmoja ili mvua isiingie. Injini ikienda, kopo linarukaruka, kap kap kap. Rhobi analicheka.

Ijumaa, 8 Julai
Hakuna jipya. Wamepata mawe mazuri, wanasema. Marwa ameniambia tukipata kidogo tu tutaezeka bati nyumba yetu ya Kenyamonta. Nimemwamini. Namwamini kila mara.

Jumamosi, 9 Julai
Ni usiku, lakini nitaandika yote.

Mkono wa shemeji bado umevimba, akazungusha kwa wa kushoto. Nikasikia imewaka. Watano wakashuka, Marwa mbele. Shemeji akapanda baiskeli kwenda Kerende kufuata dizeli.

Nilikuwa nakoroga uji. Rhobi akanyoosha kidole kwenye bomba, hakucheka. Nikatazama. Injini inalia, kopo limelala. Halisogei. Moshi mweusi unapanda upande wa feni. Mfuko umelegea.

Niliacha mwiko ndani ya sufuria. Nikakimbia na mtoto mgongoni. Mzee Nyamhanga akapiga kelele: "Rudi! We mwanamke, rudi, utatumaliza!" Sikurudi. Nikamwambia aizime basi. Hajui. Anayejua kuizima ni shemeji peke yake.

Moshi ulikuwa unatoka kwenye chujio, pale inapovutia hewa. Feni iko hapohapo, inaubeba wote na kuupeleka chini. Kwa watu.

Nikafunua kopo. Bomba halikuwa la moto. Nikaweka kiganja, likakivuta. Bomba la kutoa moshi linavuta hewa! Sikufikiri zaidi. Nepi ilikuwa begani, imelowa. Nikaisokomeza yote. Bomba likaimeza nusu. Injini ikakohoa, ikatetemeka mpaka mawe yakacheza, ikafa.

Kimya. Halafu tukaanza kuita shimoni.

Wanne walipanda wenyewe, wanayumba. Walikuwa wamemfunga Marwa kamba kifuani, tukamvuta, mimi na Mzee Nyamhanga na wote. Hakuna aliyesema habari za mwanamke. Marwa alikuwa amelegea kama nguo. Nikamlaza kwenye upepo, nikampiga mashavu, nikamwita kwa jina lake, sijawahi kumwita hivyo mbele za watu. Marwa. Marwa. Akatapika kwenye kitenge changu. Kabla ya leo sijawahi kufurahia matapishi ya mtu mzima.

Uji uliungua.

Jumapili, 10 Julai
Hatukwenda kanisani. Marwa kichwa bado.

Shemeji amemleta Fundi Salimu kutoka Tarime mjini, mzee wa injini za mashine za kusaga. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akauliza nani aliyeziba bomba. Wakanionyesha.

"Nimeona watu wanaziba kwa ubao, kwa gunia. Kwa nepi, hii ndiyo mara ya kwanza."

Ametueleza. Kuwasha injini ni kama kusukuma baiskeli mlimani. Ukiishiwa nguvu kabla ya kilele, inakurudia. Injini nayo ikirudi inaweza kuwaka hivyohivyo, inazunguka kinyume. Hapo inavuta hewa kwa nyuma, kwenye eksozi, na kutoa moshi puani, kwenye chujio. Feni ya aina hii nayo ikigeuka bado inasukuma, ila kwa udhaifu. Mafuta ya kulainisha hayapandi, ingejiua yenyewe baada ya muda. Amepaka mshale mweupe kwenye gurudumu, kuonyesha upande linaotakiwa kuzungukia. Kila asubuhi mtu autazame kabla hajashuka yeyote.

Jiko limerudi mahali pake. Mzee Nyamhanga mwenyewe alibeba figa moja.

Shemeji alikaa karibu na Marwa muda mrefu, anatazama mikono yake. Jana nilimchukia kabisa. Leo nimempa chai.

Jumatano, 13 Julai
Marwa amekula ugali wote. Anapumzika mpaka wiki ijayo, amekubali mwenyewe. Asubuhi alikaa kibarazani mwa kibanda chetu cha hapa Nyakunguru, Rhobi kifuani, wote wawili wamesinzia.

Tukasikia injini inawashwa kule. Akafumbua macho. "Inaendaje?"

Nikamwambia kwa masikio siwezi kujua, ni mpaka mtu aione. Akaanza kutafuta viatu kwa miguu, mtoto bado yuko juu yake.

Nikamwambia akae. Nikaenda mimi.

Inaenda sawa. Niliporudi walikuwa wamelala tena.