Tirza Aende Mbale au Abaki

Jumapili, 16 Novemba

Langoni tangu alfajiri. Upepo umeanza kupoa, nimevaa sweta ndani ya sare. Abu Hamour, hapa Doha, ni shule mtaa mzima, magari yamebanana hadi barabara kuu. Kazi yangu ni kukagua kadi za wanaokuja kuchukua watoto. Hakuna kadi, hakuna mtoto, hata kama ni baba mzazi. Leo baba mmoja alinikemea mbele ya foleni kwa sababu ameisahau yake. Nilisimama tu. Mwisho alirudi garini akaichukua, akaniambia ahsante kwa kumlinda mwanawe. Nimefurahi kuliko nilivyoonyesha.

Ile shule ya Wayahudi iliyo mlimani nje ya Mbale imejibu. Nafasi ya darasa la kwanza ipo. Wanataka Tirza aende na mzazi mmoja kabla hawajafunga muhula, wakae Sabato moja nao. Jibu letu liwafikie kabla ya jua kuzama Ijumaa ya tarehe 5 Desemba.

Binti yangu hajatimiza miaka saba. Yuko na baba yake kwetu, karibu na Ol Kalou. Mbale ni Uganda, mpaka mzima katikati. Naitaka shule hiyo mno.

Jumanne, 18 Novemba

Baba Tirza amekataa. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonikera. Alisema, "Sasa wewe uko Doha, unataka na mtoto aende. Mimi nibaki na nani, na ng'ombe?"

Nilisema mtandao umeharibika, nikakata simu. Mtandao ulikuwa mzuri.

Anaipenda ile akademi ya karibu anakosoma Tirza sasa. Mtoto akivuka shamba la viazi amefika. Lakini pale Jumamosi wanasoma hadi saa saba, na Sabato sisi hatusomi. Kwa hiyo kila Jumatatu Tirza anakuta wenzake wako mbele. Mwaka huu mwalimu alimpa jina, Mtoro wa Jumamosi. Watoto wakalidaka. Wanamuuliza kanisa letu ni gani, na yeye hajui aseme nini, maana kwetu Wayahudi ni nyumba chache tu. Tunasali kwenye chumba cha mabati na mara nyingi hata watu kumi wa kusomea Torati hatufiki. Mtoto anadhani sisi ni ukoo wenye tabia za ajabu.

Alhamisi, 20 Novemba

Leo nimeamka na shukrani, niandike kabla haijapoa.

Kule nyumbani nilipofanya kazi kwenye shamba la maua, Jumamosi ilikuwa siku ya kupakia. Kila wiki niliomba ruhusa, kila wiki nilinuniwa, hadi nikaachishwa. Nikaja huku, nchi ya Waislamu, nikapangiwa lango la shule. Shule za huku zinafunga Ijumaa na Jumamosi. Ijumaa asubuhi nafanya zamu fupi kwenye kompaundi moja ya nyumba, Umm Salal, adhuhuri naachiliwa, na Jumamosi yote ni yangu. Hakuna aliyenihurumia, ni ratiba tu. Mungu ana njia zake, nami sizichunguzi.

Halafu kuna Mwanaidi. Ni Mzanzibari, mlinzi kama mimi, tunaishi chumba kimoja hapa Muaither. Mwezi wangu wa kwanza hapa aliniona Ijumaa nikiweka taa mbili ndogo za betri dirishani, kwa kuwa mishumaa hairuhusiwi. Akauliza. Nikamwambia ukweli, kwamba mimi ni Myahudi. Akafikiri kidogo akasema, "Kumbe! Ndiyo maana nguruwe huli. Haya, hiyo rafu ya juu weka vyombo vyako, mie sitavigusa." Basi. Nilikuwa nimeshaanza kufunga begi kichwani mwangu.

Jumatatu, 24 Novemba

Baba Tirza atakwenda. Kuona tu, amesema, na kuona si kukubali. Nimemjibu sawa. Nilitamani kuruka langoni. Wataondoka Alhamisi asubuhi, walale Eldoret, Ijumaa mchana wawe wamefika Mbale kabla Sabato haijaingia.

Nimemuuliza Tirza anataka kuona nini huko. Amesema mlima. Na kama watoto wa Uganda wana meno.

Alhamisi, 27 Novemba

Hawajaondoka. Ng'ombe anazaa.

Najua ng'ombe ni mali. Najua mwaka jana tulipoteza ndama. Bado nimekasirika kiasi kwamba nimemfokea dereva wa basi asiye na kosa, ikabidi nimwombe radhi. Wataondoka usiku wa manane wa kuamkia kesho. Akichelewa kidogo tu, Sabato itamkuta njiani akiwa na mtoto mdogo, na hatapanda gari tena hadi Jumamosi usiku. Na huyo mtu, akilala mpakani bila kuiona shule, Jumapili atageuza arudi nyumbani. Namjua. Atasema Mungu amefunga njia.

Ijumaa, 28 Novemba

Ndama jike. Wamepita Eldoret. Barabara inatengenezwa, wanasimama sana.

Hapa jua linakaribia kuzama. Naweka kalamu.

Jumamosi, 29 Novemba

Nyota zimetoka, naweza kuandika.

Jana niliwasha taa zangu. Giza la Novemba huku linakuja mapema, saa kumi na moja kasoro Sabato imeshaingia. Kule mpakani, Malaba, jua bado lilikuwa na karibu saa mbili. Baba Tirza alisahau hilo. Hata mimi sikumkumbusha. Saa yetu na yao ni moja, tukadhani na jua ni moja.

Simu ikalia. Jina lake kwenye kioo. Sabato sipokei simu, na yeye anajua. Ikakatika. Ikalia tena. Niliwaza ajali. Niliwaza mtoto amepotea Malaba katikati ya malori. Kwa uhai wa mtu ningepokea bila kuuliza, lakini sikujua kama ni uhai au ni barabara mbovu. Nilisimama katikati ya chumba, viganja mdomoni.

Mwanaidi aliweka chini chai yake. "Shoga, mie sina Sabato," akasema, akaichukua simu.

Nilisikia upande wake tu. "Baba Tirza? Mwanaidi hapa. Mkeo yupo, mzima, kashaingia Sabato. Huku jua lishazama... Mtoto yuko wapi? Umempakata. Alhamdulillahi." Kisha akasikiliza, akaniangalia. "Anasema wako Malaba. Karatasi ya mtoto imewachelewesha. Gari la Mbale lipo, ila wakiondoka sasa watafika jua likigusa mlima, na wasipofika watakwama njiani. Au walale papo hapo Malaba, warudi Jumapili. Anataka neno lako."

Sikusema kitu. Sikutikisa kichwa. Mungu ni shahidi, hata jicho sikulipepesa, kwa sababu sikujua.

Mwanaidi alinisubiri. Halafu akasema kwenye simu, "Nendeni. Mtoto hatolewi nyumbani akarudishwa njiani. Nendeni sasa hivi, usizungumze tena." Akakata. Akaiweka simu chini ya mto wake, akarudia chai.

Nilikasirika. Nani amemfanya mama wa Tirza? Leo mchana kutwa nimempa mgongo, na yeye ameniachia maharage ya nazi mezani. Niliyala. Njaa haina kiburi.

Sasa Sabato yangu imetoka na yao bado. Simu iko mkononi na hakuna wa kumpigia. Ningejua walilala wapi ningetulia.

Baadaye.

Amepiga. Walifika! Walipanda mlima kwa pikipiki, jua limebaki kipande. Mwalimu Naume, yule mwalimu anayekaa na watoto wadogo nyumbani kwake, alikuwa barabarani akiwangoja na kitambaa chake cha Sabato kichwani. Alimvua Tirza viatu, akamwosha miguu, akamketisha na watoto wengine. Hakuuliza swali.

Kisha mume wangu akanieleza kuhusu asubuhi. Sinagogi limejaa hadi watu wamesimama mlangoni. Wanaimba zaburi zile zile, kwa Kiganda na Kiebrania, maneno mengine hayajui lakini aliyatambua kama mtu anavyotambua ndugu kwa mwendo. Tirza alikuwa begani kwake. Aligeuza kichwa huku na huku, akamnong'oneza, "Baba, hawa wote ni sisi?"

Hapo sauti yake ilikatika. Nilidhani ni mtandao kweli. Alikuwa analia, mtu ambaye hakulia alipomzika baba yake.

Amesema, "Mama Tirza, aende."

Jumapili, 30 Novemba

Ningepaswa kufurahi. Niko langoni, mtoto wa darasa la kwanza amemng'ang'ania mama yake miguuni, mama anambembeleza kwa Kiarabu, hayati, hayati, yaani uhai wangu. Walimu walimchomoa kidole kimoja kimoja. Nikamwona Tirza.

Nimemtumia Baba Tirza ujumbe wa sauti. Nimesema tungoje mwaka mmoja. Bado ni mdogo. Anakojoa kitandani akiota.

Jumatatu, 1 Desemba

Hajajibu. Yuko njiani kurudi nyumbani, najua, lakini hata hivyo.

Mimi ndiye niliyesukuma jambo hili miezi mitatu. Nilipolipata nimeliogopa. Sijipendi wiki hii.

Jumatano, 3 Desemba

Tumezungumza. Sasa yeye anasukuma na mimi nang'ang'ania, utadhani tumebadilishana nguo. Nikamwambia, nimeshamwacha mara moja, sitaki aachwe mara mbili. Akasema, "Hapa ameachwa kila Jumamosi, akiwa kwake." Akasema Mwalimu Naume amemwonyesha kitanda, kiko karibu na mlango wake, na watoto wa darasa lile ni mchanganyiko, Wakristo, Waislamu, Wayahudi, ila Jumamosi shule yote inapumzika na hakuna anayekosa somo. Akasema atakwenda kila mwisho wa mwezi, ng'ombe ataangaliwa na jirani. Mume wangu, kumwacha ng'ombe kwa jirani!

Niliuliza Tirza mwenyewe anasemaje. Akampa simu. Tirza akasema kule wana meno, isipokuwa mmoja, Dina, hana mawili, na wameahidiana wangoje yaote pamoja.

Nimetoka nje kukaa kwenye ngazi. Mwanaidi akaja akakaa. Tulikuwa hatujazungumza vizuri tangu Ijumaa. Nikamwambia alikosea kujibu badala yangu. Akasema, "Nilikosea." Hakujitetea. Baadaye akaniambia mtoto wa kwake yuko Unguja kwa bibi yake, ana miaka kumi na sita sasa. Mtoto aliwahi kupata nafasi ya shule nzuri Tanga, Mwanaidi akaogopa, akasema mwakani. Mwakani nafasi haikuwepo. "Lakini huyo ni wangu," akasema. "Wako ni wako."

Nilimshika mkono. Hasira yote ilikwisha pale, ikabaki aibu ya ule mgongo niliompa.

Ijumaa, 5 Desemba

Nimetoka Umm Salal mchana, nimeoga, nimekaa kitandani na simu. Mwanaidi alisimama mlangoni akasema safari hii hasemi neno, nishindane na jua langu mwenyewe.

Nimempigia Mwalimu Naume. Sauti yake ni ya mtu aliyezoea kuita watoto wanaocheza mbali. Nimemwambia Tirza atakuja. Nimemwambia anaota ndoto mbaya, anapenda viazi vilivyopondwa na mahindi, na ukimkemea ananyamaza siku nzima. Akasema, "Nasikia, mama." Nikamwambia na mengine, mengi, hadi nikaona najirudia. Hakunikatiza hata mara moja.

Ee Mungu, nimemtoa tena mkononi, kwa hiari. Nashukuru kwamba kuna mkono wa kumpokea. Wengi hawana.

Jua bado lipo. Nimeliwahi.

Jumamosi, 14 Februari

Wiki yake ya kwanza imeisha. Baba yake alimfikisha Jumapili, akarudi akiwa na sauti ya kukwaruza, akasema ni vumbi.

Nilingoja nyota zangu, kisha nikangoja zao. Mwanaidi alinikaangia mihogo nisitafune kucha. Nilijiandaa kwa kilio. Nilikuwa na maneno yangu tayari, ya kumtuliza, nimeyarudia langoni wiki nzima.

Mwalimu Naume alipiga mwenyewe. Nyuma yake makelele ya watoto, mtu anapiga ngoma vibaya. Tirza akaja kwenye simu akihema. Nikauliza amekula. Ndiyo. Amelala vizuri? Ndiyo. Analia? Akasema alilia Jumatatu. Nikavuta pumzi nianze maneno yangu.

"Mama, wacha niende," akasema. "Wananingoja."

Simu ikabaki mezani kule, haijakatwa. Nilisikia miguu yake ikikimbia, halafu jina lake likiitwa na watoto wengi kwa pamoja, Tirza, Tirza, njoo. Sikukata. Nilisikiliza hadi Mwalimu Naume akaikuta simu akaizima.

Nimelia kidogo, sitaficha. Kisha nimekula mihogo na Mwanaidi, nikapiga pasi sare ya kesho.