Sindano wa Msitu Namba Nne

Jumatatu, 3 Machi
Misitu mitano kwenye orodha, uwezo wa kulinda mitatu. Mwenyekiti wa kamati kagawa kazi kama karata. Mimi namba nne — wangu wa zamani. Mdogo, uko juu mgongoni mwa kilima, hauna tembo wala chui wa kupigiwa picha. Una Sindano tu: ndege wa kahawia, hazidi kidole gumba, na sauti yake nyembamba kama jina tulilompa. Wa mwisho kumsikia ni mimi. Miaka kumi na tisa iliyopita! Asipothibitishwa, msitu unafyekwa, inapandwa miti ya mbao. Fomu inataka mtaalamu amwone au amsikie mwenyewe. Kinasa sauti cha ofisi ni kimoja, kimeenda namba mbili.

Jumanne, 4 Machi
Nimefunga mizigo. Mama watoto kanikuta jikoni, birika linapiga mluzi nyuma yangu, maji karibu yakauke. Sikio la kufa halisikii dawa, kasema, nenda kapimwe. Nikajibu nilikuwa nawaza.
Sikuwa nawaza.

Alhamisi, 6 Machi
Nilifika jana jioni. Mlinzi wa msitu ni mwanamke wa makamo, wanamwita Mama Gambuti — mvua, jua, buti za mpira hazimtoki miguuni. Saa kumi na mbili asubuhi tuko ndani. Umande, ukungu, ruba. Ghafla kanishika mkono.
"Huyo, mzee! Huyo analia!"
Nikasimama. Pumzi yangu tu.
"Wapi?"
"Juu hapo. Mara tatu, anapumzika. Mara tatu tena."
Darubini imeonyesha majani. Nimetikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kutikisa kichwa si kutia sahihi.

Ijumaa, 7 Machi
Leo kanyoosha kidole mara nne. Mara nne nimeambulia patupu. Kwenye chai nikamuuliza, namba nne ikifutwa, wewe je? Atarudi kukaa kwa dada yake, kasema, na shemeji mwenyewe hapendi wageni. Akacheka. Basi ana sababu ya kumsikia. Na mimi nina sababu ya kumwamini, ndiyo maana siamini haraka.
Kaniangalia vizuri.
"Mzee, humsikii kabisa, eti?"
"Simsikii."
Mtu wa kwanza kumwambia. Hata hakushangaa. Baba yake alianza hivyo hivyo, kasema: walianza kumpotea ndege masikioni, wakafuata watoto.

Jumanne, 11 Machi
Mapumziko ya kikao. Naandika nimekaa kwenye ngazi.
Nimesema. Kwamba masikio yangu hayafiki tena kule juu, na sijui yameacha kufika tangu lini. Mwenyekiti kauliza, kwa hiyo ndege hayupo? Sijasema hayupo, nikajibu. "Fomu ina ndiyo na hapana tu, mzee wangu." Basi mpigieni aliyemsikia. Wakanung'unika — mlinzi si mtaalamu! Daktari kutoka chuoni, msomi wa ndege, yule anayetetea namba mbili, kasema haidhuru kitu, tumsikie.
Simu katikati ya meza, sauti imefunguliwa. Mama Gambuti kasalimia wote, shikamoo kwa wakubwa. Mwenyekiti akamwambia amwigize huyo ndege. Nusu mzaha.
Kaigiza.
Mimi nilipata pumzi yake tu. Yaliyobaki niliyasoma kwenye sura zao. Wawili walikuwa wanacheka. Katibu kaangalia dirishani. Daktari alikuwa anachorachora pembeni ya karatasi. Kalamu ikasimama. Akainamia simu.
"Rudia, mama. Polepole."
Karudia. Mara tatu, akapumzika — nilihesabu kwa kidole cha daktari, kilikuwa kinagonga meza. Halafu daktari kaomba dakika kumi. Ana rekodi za zamani za ndege kwenye kompyuta yake, ndani ya gari, anataka kulinganisha.
Amenipita sasa hivi akipanda, ngazi mbilimbili, kompyuta kifuani. Hakuniangalia. Mlango wameuacha wazi. Simu iko pale pale mezani, haijakatwa.