Karatasi za Achieng' Katikati ya Programu za Mazishi

Mama yangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku Homa Bay. Natumai goti limepungua maumivu, na kwamba ile dawa ya kuchua unaitumia badala ya kuiweka kabatini ikingoja ugonjwa mkubwa zaidi. Mimi mwili ni mzima. Umeniuliza mara kadhaa mbona siku hizi simu zangu ni fupi, nami nikasingizia mtandao. Si mtandao, Mama. Ni aibu, na siwezi kuisema huku nikisikia unavyopumua upande wa pili, ndiyo maana nimeamua kukuandikia.

Unajua ofisi yetu inawasaidia wajane wanaonyang'anywa ardhi. Mimi ni karani. Napokea maelezo yao na kuyafikisha kwa wakili. Yote yanakaa kwenye kompyuta ya ofisi, na tukiwa safarini tunaruhusiwa kuyafungua kwa laptopu ya kazi tu, kwa njia maalumu ambayo fundi wetu, Omondi, alitufundisha asubuhi nzima. Nilikaa mstari wa mbele nikiitikia kwa kichwa. Ukweli ni kwamba nilikuwa nafikiria chakula cha mchana.

Sasa kuna mama mmoja wa Muhuru Bay, muuza omena, wale dagaa wa ziwani. Nitamwita Achieng'. Jina lake la kweli limetajwa vya kutosha. Mumewe alipofariki, shemeji yake alianza kutafuta mnunuzi wa shamba, na jioni akawa anamgongea mlango akidai kwamba yeye ndiye wa kumrithi. Achieng' alikuja kwetu kwa siri akatueleza yote kwa Kijaluo, mwenzangu akitafsiri. Mpango ulikuwa wakili apate amri ya korti kabla shemeji hajanusa chochote. Ijumaa moja nikatumwa Muhuru nikamsomee Achieng' maelezo yake, atie sahihi. Wakili alimaliza kuyarekebisha nikiwa tayari njiani, kwa hiyo ilibidi niyafungue nikifika.

Muhuru iko karibu mno na Tanzania, na simu yangu ilikuwa imeshika mtandao wa ng'ambo. Nilipounganisha laptopu na simu hiyo, kompyuta ya ofisi ikanikatalia. Iliniona kama mtu aliye nchi nyingine, na imewekwa ikatae watu wa namna hiyo. Nilichotakiwa kufanya ni kumpigia Omondi anielekeze. Lakini nilikuwa nimeshamwambia kwa majivuno kwamba mambo yake ni rahisi, na sikutaka anicheke. Nikampigia mwenzangu wa ofisini.

"Nitumie hayo maelezo kwa email yangu ya kawaida," nikamwambia.

"Si tulikatazwa hiyo?"

"Tuma tu. Nani atajua?"

Akatuma. Nikaingia saiba, duka la kompyuta lililokuwa karibu na soko, ili nichapishe. Mama, huku watu huzikwa Jumamosi, kwa hiyo Ijumaa jioni kila saiba inachapa programu za mazishi. Mwenye duka alikuwa katikati ya programu za mzee mmoja wa kijiji cha Achieng', picha ya marehemu imejaa kwenye kioo cha kompyuta. Alinipisha kidogo nikafungua barua pepe yangu, nikabonyeza chapisha. Hapo hapo stima ikapotea, duka likawa giza.

"Ngoja tu, itarudi," akasema. "Sai wanatuzungushia stima kwa zamu."

Nilingoja nikichungulia barabarani, maana gari la mwisho la Migori lilikuwa linajaza abiria. Mwishowe nikajiambia nitarudi Jumatatu, nikaondoka. Sikufuta chochote. Haikunijia hata kidogo kwamba printa ile ilikuwa inakumbuka nilichoiagiza.

Stima iliporudi, printa ikatoa karatasi za Achieng', kisha ikaendelea na programu. Mwenye duka alikuwa na haraka. Akakusanya, akapiga stepla, akapakia kwenye boksi. Kesho yake, watu wakiwa wamekaa chini ya hema wakiimba, mtu mmoja akafungua programu yake na badala ya wasifu wa marehemu akakuta jinsi Achieng' anavyogongewa mlango, na ni nani anayegonga. Akampa jirani yake. Jirani akapiga picha akairusha kwenye kundi la kijiji. Shemeji mwenyewe alikuwa pale pale, ndiye aliyekuwa akisimamia chakula.

Mimi nilikuwa nafua nguo wakili aliponipigia. Hakunifokea, na heri angefoka. Kufikia Jumatatu shemeji alikuwa ameng'oa mlango wa nyumba ya Achieng', na yeye na watoto wamekimbilia kwa dada yake Migori. Kazini sikufukuzwa. Nilipewa barua ya onyo, na Omondi akanifundisha upya, taratibu, bila kunicheka. Hilo liliniuma kuliko barua.

Juzi nilikwenda Migori kumwomba msamaha. Nilimkuta uani kwa dada yake akichambua omena. Nikapiga magoti, nikaanza kueleza habari za mtandao na stima. Akanikatiza, akiniita binti wa Taita kwa lugha yake.

"Nyar Taita, simama. Hiyo makaratasi unayo?"

Nikasema ninayo kwenye laptopu.

"Basi nisomee. Kijiji mzima imesoma. Mimi bado."

Ndipo nikaelewa, Mama. Yeye alisema kwa Kijaluo, sisi tukaandika kwa Kiingereza, wakili akarekebisha, wageni wa mazishi wakasoma. Mwenye maneno hakuwahi kuyasikia. Nilifungua kwa njia ya ofisi, hatua moja baada ya nyingine kama nilivyofundishwa, nikamsomea kwa Kiswahili sentensi kwa sentensi. Alisikiliza mikono ikiwa ndani ya omena. Tulipofika mwisho akasema:

"Hapo mmeandika naogopa yeye. Sikusema hivyo. Nilisema nimechoka na yeye."

Nikamwambia nitasahihisha sasa hivi.

"Itasahihishwa," akasema. "Korti nitaenda, sijaacha. Lakini ofisi inipe mtu mwingine."

Nikamwambia ana haki. Nikafunga laptopu, nikamshukuru dada yake kwa chai ambayo sikuweza kuinywa, nikatoka.

Nisalimie Baba, na umsomee yote haya bila kuruka mahali. Msalimie mjomba fundi cherehani, na shangazi anayekutunzia mbuzi. Wale akina mama wa kanisani unaowaambia binti yako anatetea wajane, wasalimie pia. Wakiuliza habari za kazi yangu, waambie kuna mjane mmoja aliyeomba nisimtetee, na alikuwa sahihi.

Ni mimi mwanao,
Wakesho