Mama Ameshuka Kutoka Mollo Kuiona Boti Yetu

Kipili, Jumamosi jioni

Basi amekuja kweli. Mama yangu, ambaye hata kijito cha kule Mollo huvuka kwa kushikwa mkono, leo ameshuka mpaka ziwani ili anirudishe nyumbani. "Mjamzito haishi juu ya maji," aliniambia hata kabla sijamwamkia.

Mume wangu, Deus, akampa shikamoo na kumlazia ubao wa kupandia. Mama akavua viatu, akapanda, akakaa katikati ya magunia ya mahindi huku amelishika moja kwa mikono miwili. Nilikereka alivyokagua kila kitu: jiko la mkaa, godoro, chandarua, ndoo ya maji ya kunywa. Mwaka wa tatu huu tunaishi humu, tukiuza nafaka kijiji hadi kijiji, na hajawahi kuuliza tunalalaje.

"Na uchungu ukikukuta katikati ya ziwa?"

Hiyo ndiyo hofu yangu kila upepo unapovuma, ila sijawahi kumwambia Deus.

Yeye ndiye aliyejibu. "Mama, mwezi ujao nitamleta Mollo mwenyewe, ajifungulie kwako. Boti itakaa hapa mpaka mtoto apate nguvu."

Hatukuwa tumelizungumza hilo. Nilimtazama tu, moyo ukatulia.

Mama akaomba chai. Alipokuwa anashuka alinishika bega.

"Siku zote nakuombea bila kujua uko wapi," alisema. "Sasa najua."